Mti wa Mapasa Haukatwi

Nilikuwa darasa la tano siku direkta wetu, mkuu wa shule, aliponitia panga mkononi, akaniamuru nikate mchungwa wangu mwenyewe.

Nyuma ya shule yetu, hapa Kalemie, tulikuwa na bustani ya matunda, na mwalimu alitufundishia humo hesabu, kupima, hata kusoma. Kila mtoto alikuwa na mti wake: shina la mlimau, ambalo alilipasua gome mwenyewe, akaliingizia jicho la mchungwa, yaani kichipukizi chake, na kulifunga kwa mpira. Mimi na dada yangu ni mapasa, tulizaliwa siku moja, na miti yetu ilisimama pamoja.

Ikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa chama anakuja, na watoto watamchezea ngoma. Uwanja haukutosha. Direkta akaamua bustani ifyekwe Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote. Waliokuja na mapanga walikuwa wazazi wetu. Wakati ule wa Zaire, tulipoamriwa kuitana sitwayeni, yaani raia, nani angekataa? Walibadilishana tu mistari ya miti, kila mmoja akate mti wa mtoto wa jirani, asikate wa mwanawe.

Walipofika kwenye miti yetu miwili wakasimama. Kwetu mti wa mapasa haukatwi na mtu mwingine, maana anayeukata anajiletea balaa nyumbani. Direkta, aliyekuwa mgeni, alicheka. Akasema basi tukate wenyewe, la sivyo tunafukuzwa shule wote wawili. Dada yangu alishaanza kulia. Mimi hasira ilinipanda kuliko woga. Nikageuza mpini, nikamrudishia panga.

"Kata weye, sitwayeni Direkta. Miye sikati."

Akalishika kweli, akaliinua juu ya mti wangu. Akina mama wakarudi nyuma, akabaki mama yetu peke yake, anamtazama usoni. Lo, panga lile lilikaa juu! Niliona jasho likimtiririka shingoni. Mwishowe akalishusha, akasema tutacheza tukiizunguka hiyo miwili, akaenda zake biro, ofisini kwake.

Tulicheza tukiizunguka. Wenzangu waliacha kunisemesha, kwa sababu miti yao ilikatwa na wangu ulibaki. Iliniuma kuliko fimbo.

Mvua ziliporudi, visiki vya milimau vikachipua. Mwalimu akatuita, akakata macho kwenye miti yetu miwili, akampa kila mtoto lake afunge kwenye kisiki chake. Jirani yangu wa benchi, aliyeninunia tangu salongo, alimaliza kufunga, akaniuliza polepole:

"Huu wangu sasa nao ndo wa mapasa?"

Mwalimu alijibu kabla yangu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi.

"Yote ndo ya mapasa. Tutaona muntu gani ataikata."