Kadi Iliyojua Bariere Tu

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona kidole chenye wino wa kura. Mimi sikusoma sana. Shule yangu ilikuwa chukudu, lile gari letu la mbao la kusukuma, na nyumba hii ya mawe nimeijenga kwa kubeba makabichi ya Kibumba. Kwa hiyo nisikilize bila kunung'unika.

Uasi ulikuwa umetupitia, volkano nayo ikameza mitaa ya Goma. Uchaguzi ulipokuja, nilijiandikisha mbio. Kupiga kura? Wala. Kadi ya kura ndiyo ilikuwa kitambulisho. Ukiwa nayo, askari wa bariere, kile kizuizi cha barabarani, anakuacha upite. Vijana wengi tulifanya hivyo, tukajiona wajanja.

Siku yenyewe nilikuwa naosha chukudu. Akaja Mama Zaina, mjane wa kutoka Maniema, jirani yangu hapa mtaani Keshero. Miguu imemvimba, na kituo cha kura kilikuwa ng'ambo ya mawe ya volkano, yale yanayokata viatu.

"Mutoto yangu, unisukume kwenye kura. Jua likishuka wanafunga."

"Mama, hii inabeba makabichi. Na kura haijazima volkano hata moja."

"Kabichi haina miguu na inafika Goma. Mimi nishindwe na kabichi?"

Wenzangu wa chukudu wakanicheka. Yeye akaenda na fimbo yake. Hatua tatu, anapumua. Hatua tatu tena. Akaanguka kwa magoti, akainuka, akafuta kadi yake kwanza, damu baadaye. Hapo nikamfuata, nikampakia kwenye chukudu.

Katikati ya mawe akanigusa bega. "Simama. Nyumba yangu iko hapa chini." Akanionyesha kadi: avenyu iliyoandikwa, barabara ya kwao ya zamani, ilikuwa chini ya magurudumu yetu. "Niliwaambia waandike hiyo hiyo. Moto umekula mlango, kitanda, mpaka kaburi la mume wangu. Jina langu haujalila. Leo waliite."

Tulipofika kituoni, makarani wakaliita. Akajibu, "Niko." Mwanangu, nimeona volkano ikitembea, nimeona majeshi yakiingia mjini. Sijaona kitu kikubwa kama ile "niko".

Akageuka. "Na wewe? Ama kadi yako ni ya makabichi?"

Niliingia kichwa chini, nikapiga kura. Kisha nikarudi na wenzangu kuchukua wazee wengine, mpaka mlango ukafungwa. Tangu siku hiyo, uchaguzi ukifika, chukudu zetu hazipakii kabichi, zinapakia wazee. Mabango yalishindwa kuwaamsha vijana; kumbe aibu inaweza. Ukipitwa na bibi aliyepakiwa juu ya mbao akienda kupiga kura, utaficha uso wapi?

Sikudanganyi: wengine tuliowachagua walitusahau. Lakini asiyekuwepo na lake halipo. Usibebe kadi kwa ajili ya bariere tu. Nenda, na usiende peke yako. Mpakie asiyeweza kutembea.

Mungu akupe miguu ya kufika, mwanangu, na jina lako likiitwa, akupe sauti ya kujibu.