Maneno Ambayo Mke Wangu Hakuyasema

Nilipaswa kukataa. Mwenyekiti wa kijiji aliniomba nitunge igizo la kumpokea mgeni kutoka wilayani, kuhusu vita vya Msumbiji, nami nikakubali kabla hajamaliza chai yake. Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, karibu na Lituhi, na mke wangu alikuwa mkimbizi wa vita hivyo.

Alinisimulia mara moja tu, tukianika usipa mchangani. Askari wa mkoloni walipovamia kijiji chao, alijificha kwenye matete na mtoto wake wa kwanza. Mtoto akaanza kulia, naye akamziba mdomo. Askari walipoondoka, mtoto alikuwa hapumui. Kisha akaendelea kugeuza samaki.

Niliandika hivyo hivyo. Mwenyekiti akasoma, akasema mama wa namna hiyo watu hawatampenda. Nikabadilisha. Katika igizo mama anatoka matetini, anasimama mbele ya askari na kusema, "Niueni mimi, mwacheni mwanangu!" Mtoto anakufa kwa risasi. Msichana wa darasa la saba aliigiza vizuri mno, mgeni akafuta machozi. Mke wangu alikaa mbele, mikono mapajani, macho makavu.

Tangu siku ile wanawake, wakiamini yule mama wa igizo ni mke wangu, wakamwita Mama Shujaa. Watoto waliokuwa wakioga ziwani, wakimwona na ndoo, walizama na kuibuka wakipiga kelele, "Niueni mimi!" Akaacha kwenda ziwani, akawa anachota maji mbali kijitoni.

Nilimwambia wanamheshimu.

"Wanamheshimu yule wako wa igizoni, Mwalimu," akasema. "Yule hakumwua mwanawe. Mimi nilimwua, na nilikuambia wewe peke yako. Sasa nikikaa kumlilia, namlilia mtoto wa nani?"

Nikamjibu kwamba igizo ni igizo tu. Ndivyo nilivyosema, mimi niliyesoma sekondari.

Mwezi uliofuata tulialikwa kulionyesha igizo kule Litembo. Hakunizuia. Alinifungia viazi vya njiani, nikapanda mlima na wanafunzi wangu, na huko nako tulipigiwa makofi. Niliporudi siku ya nne nilikuta nyumba imefagiwa na kanga zake hazipo. Jirani alisema aliondoka na wanawake waliokuwa wakielekea mpaka wa Msumbiji. Alikuwa na mimba ya miezi sita.

Nilimtafuta hadi kijiji cha Ukata, nikaulizia kwa wakimbizi wengine, kisha nikachoka. Sikuoa tena. Igizo lile lilininyima mke, na mtoto ambaye mpaka leo sijui kama alizaliwa wa kiume au wa kike.