Posa Niliyoijibia kwenye Bembea

Aibu nyingine mtu huifukia, lakini hii yangu ilionwa na nusu ya Masasi pamoja na muuza mihogo, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye chumvi nyingi.

Ilikuwa enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mimi nina meza yangu ya mitumba sokoni na kiburi kikubwa kuliko mzigo wenyewe, na bustani ya mji, iliyokuwa malisho ya mbuzi, kakodishwa mtu mmoja akaizungushia seng'enge, akapaka rangi bembea na mtelezo wa bati (ukiteleza juani unababuka), akaweka na kiingilio, eti mapumziko. Basi Mama Hassani akaja kutoka Kitangari na mwanawe kufuata jibu la posa ya binti yangu Zuhura. Baba yake marehemu, neno lilikuwa langu, na neno lenyewe lilikuwa hapana. Mwanangu akaolewe huko kwenye shida ya maji, ndoo kichwani asubuhi mpaka jioni? Ila kumwambia mtu mzima hapana nyumbani kwako, kishakula wali wako, ni kazi, nikaona niwapeleke bustanini wauone mji, wajione walivyo, waondoke bila kufukuzwa.

Mama Hassani akauliza vile vyuma ni vya nini. Nikacheka kwa dharau, nikamwambia huku mjini hata watu wazima hubembea, ni afya, nikakaa kumwonyesha. Kiti cha watoto kile, kina vyuma pembeni, nami nimevaa sketi ya kubana. Kuingia niliingia kwa kujisukuma, kutoka nikashindwa. Kila nikijinyonganyonga sketi inapanda na watu wanaongezeka. Nikamwomba mlinzi akate chuma, akasema ingekuwa bado ya halmashauri angekata, sasa ni mali ya mtu.

Watu wakamgeukia Hassani, kijana mwenye mikono ya jembe, anivute. Kumbe alishanipa mgongo tangu sketi ilipoanza kupanda. Akasema hawezi, mama mkwe haguswi.

Mama Hassani akaniinamia sikioni, hana haraka hata kidogo.

"Mama Zuhura, bado hujatujibu. Kama si mkwe wako, basi ni kijana tu, atakushika kiuno akutoe. Nimwite?"

Hakungoja, akamwita. Na yule kijana, kwa utii wake wa kishamba, akakunja mikono ya shati akaanza kuja kinyumenyume.

"Asije!" nikapiga kelele. "Ni mkwe wangu huyo, arudi!"

Wanawake nisiowajua wakapiga vigelegele. Mama Hassani akafungua kanga yake akanifunika, kisha yeye na muuza mihogo wakanishika makwapani wakaning'oa. Nilipofika nyumbani Zuhura alishapata habari, anacheka na kulia pamoja, na mimi sikuwa na uso wa kumgombeza.

Kitangari siku hizi nakwenda, na ndoo nabeba. Hassani mpaka leo akiniamkia huangalia chini, na namshukuru. Lakini bembea, hata ile ya kamba ya wajukuu kwenye mkorosho, siikalii, na nikiwa na hapana yangu naisema palepale mlangoni, nikiwa nimesimama.