Vijiti Kwenye Sufuria ya Pilau

Karakana ya meli ilipopata mwekezaji, mafundi wote waliambiwa wafanye mtihani upya. Baba, aliyezeekea kwenye kuchomelea meli, akapangiwa kuunganisha mabamba mawili ya chuma kigumu. Akifaulu anabaki, akishindwa anarudi nyumbani.

Chuma kile hakitaki unyevu hata chembe. Vijiti vya kuchomelea lazima vikaushwe kwa moto mkali, na tanuri la karakana lilikuwa limeshauzwa. Basi usiku wa kuamkia mtihani baba akavipanga kwenye sufuria kubwa ya mama ya pilau, makaa chini, makaa juu ya mfuniko.

"Leo mboga ni chuma cha karanga," nikasema. Mama akacheka. Baba hakucheka.

Asubuhi alivifunga kwa blanketi vikiwa vya moto, akavitia kwenye debe, akaenda kuoga. Wenzangu walikuwa wamenipitia twende shule, na mimi nikiona watu wawili tayari nina hadhira. Nikavitoa kwa kitambaa cha jikoni, nikavianika uani kwenye manyunyu vipoe, halafu nikawa mwalimu wetu wa hesabu: "Wewe ng'ombe wa Usagara, saba mara nane!" Nikawatandika navyo makalioni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nikavifuta kwa sketi, nikavifunga vilevile. Havikuonyesha kitu.

Jioni baba alirudi anapiga mluzi. Mshono umenyooka, hata mkaguzi kausifu.

"Ila anasubiri mpaka kesho," alisema. "Chuma hiki kina kiburi. Kinaweza kupasuka chenyewe, wewe umeshalala."

Kesho yake alirudi kabla ya saa nne. Nilikuwa nyumbani, Jumamosi.

"Kuna ufa kando ya mshono," alimwambia mama. "Urefu wa kidole."

"Labda vijiti vilipata unyevu, baba watoto."

"Nilivikausha mwenyewe. Ni mkono. Mkono umezeeka."

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikainama kupepeta mchele ambao mama alishaupepeta.

Siku hizi anachomelea mageti mtaani Buhongwa. Akiletewa kazi ya chuma kigumu, anasema watafute kijana. Jana alininyooshea mkono wake wa kulia.

"Wewe una macho. Huu unatetemeka?"

Nilitaka kusema yote. Nikasema hilo moja tu.

"Hautetemeki, baba. Haujawahi kutetemeka."

"Wewe na utani wako," akasema, akautia mfukoni.