Uzi Usikatwe

Sheria ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwa biro ya buluu: "Ilikubalika kwa kauli moja kwamba uzi usikatwe." Kitabu cha mikutano bado ninacho. Ukikifungua utadhani tulikuwa baraza la mawaziri. Tulikuwa akina mama ishirini na mmoja wa kanisa, upande wa Sigowet, na mali yetu yote ilikuwa cherehani moja ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni kwa kuguswaguswa.

Mimi nilifanywa karani kwa sababu mbili. Nilikuwa nimefika kidato cha pili, na nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mke mgeni akipewa kazi hakatai.

Mashine tulipewa na mama mmoja Mzungu wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kutukabidhi aliitia uzi mbele yetu, polepole, kwa Kiswahili chake cha kamusi: unapita hapa, halafu unapita hapa, mnaelewa akina mama? Wee, tulivyoitikia! Vichwa ishirini na kimoja, juu, chini, juu, chini. Hakuna aliyeelewa hata kidogo, lakini nani angekuwa wa kwanza kusema? Mzungu wa watu akafurahi, akatokwa na machozi, akapanda gari lake akaenda. Wiki ya pili uzi ukakatika.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa mwili na sauti, mke wa mzee wa kanisa, na hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakulijua. "Leteni hapa," akasema. Akaupitisha uzi alipoona panafaa, akazungusha mpini. Mashine ikatapika uzi chini ya kitambaa, fundo juu ya fundo. Akasema uzi ni wa bei rahisi. Tukanunua mwingine. Ikatapika tena. Mama mmoja akasema mashine imekauka, inataka mafuta, akakimbia kwake akarudi na kijiko cha mafuta ya kupikia. Tukayatia. Kuanzia siku hiyo mashine ikipata moto ilinukia chapati, lakini kushona haikushona.

Sasa ng'ambo ya mto, katika kambi ya wafanyakazi wa estate, shamba kubwa la chai la kampuni, kulikuwa na mama aliyetoka kule ziwani. Mumewe alikuwa karani wa kiwanda cha chai. Tulisali naye kanisa moja. Alikaa benchi la pili na kuimba kwa sauti kubwa kutushinda, jambo ambalo baadhi yetu hatukumsamehe. Nilimjua kidogo, nikajua ana cherehani, nikathubutu kumtaja. Mwenyekiti akasema, "Sawa, apelekewe. Lakini msimwambie tumeshindwa. Mwambieni tuko na haraka."

Tukampelekea. Akaitia uzi huku anamfokea mtoto wake aliyekuwa anachezea maji ya ndoo. Hata hakuitazama mashine vizuri. Alipomaliza kumfokea mtoto, uzi ulikuwa umefika kwenye sindano.

Ndiye aliyetupa ujanja wa fundo. "Uzi ukiisha, msiutoe," alisema. "Kata huku juu kwenye reli, hiki kigurudumu cha uzi, fungia uzi mpya kwa ule wa zamani, halafu vuta. Utapita njia ile ile mpaka karibu na sindano." Jambo dogo tu, la kurahisisha kazi. Sisi tukaligeuza amri ya kumi na moja. Uzi mweupe tukaufungia kwa mweusi, wa buluu kwa mweupe, na kila fundo lilipotokea upande wa pili, akina mama wakapiga makofi. Tundu la sindano nililiweza mimi, kwa sababu ya macho ya ujana. Huko juu hakuna aliyegusa. Mtu akisogea na makasi, nyumba nzima ilipiga kelele: "Hiyo uzi usikate! Wewe, usikate!"

Na bado ulikatika, bila shaka. Ukikatika vibaya tulirudi kambini. Ungetuona njiani! Wawili wamebeba mashine katikati, mmoja nyuma ameshika reli ili uzi usinase kwenye majani ya chai, mmoja juu amefunika mwavuli. Tuliteremka mtoni hatua kwa hatua kama tumebeba mgonjwa. Wachumaji wa estate walisimama na vikapu vyao mgongoni kututazama. Mmoja aliwahi kuuliza kama ni maiti ya mtoto, tukakasirika sana.

Siku moja mama wa kambini alinivuta kando. "Wewe una akili," akaniambia. "Kaa hapa nikuonyeshe. Ni vitu vinane tu. Unavipita vinane, umemaliza." Nilitaka, haki ya Mungu nilitaka. Lakini wenzangu wawili walikuwa mlangoni wananiangalia, na nilijua maneno yatakayofika nyumbani kwa mama mkwe kabla yangu: ati karani anafundishwa na watu wa kambi. Nikamwambia, "Siku nyingine, mama. Leo ng'ombe wananingoja." Ilikuwa saa sita mchana. Ng'ombe gani hukamuliwa saa sita? Akacheka.

Kazi yenyewe ilikuwa yunifomu. Kanisa la mawe lilikuwa karibu kukamilika, askofu angekuja kulifungua mwisho wa mwaka, na sisi tungeimba tukiwa na nguo za buluu zenye kola nyeupe. Fundi wa sokoni Sigowet tulimnyang'anya kazi hiyo kwa majivuno, tukamwambia sisi tuna mashine yetu. Akatuapia kwamba tukikwama tusimjie.

Mama wa kambini hakuomba malipo hata siku moja. Aliomba kitu kimoja: awe mmoja wetu, avae buluu, aimbe siku ya askofu. Nikapeleka ombi lake mkutanoni. Kitabu kinasema: "Ombi la mama wa kambini liliahirishwa." Ukurasa wa mbele: "Ombi liliahirishwa." Mara nne nimeandika hivyo, kwa mwandiko mzuri. Mwenyekiti alisema hatuna ubaya naye, ni mama mzuri, lakini hiki ni kikundi cha akina mama wa hapa, na tukifungua mlango kidogo kambi yote itaingia. Baada ya hapo tukaomba, tukafunga mkutano, tukabeba mashine tukampelekea aitie uzi.

Mimi nikamwambia, "Bado wanaangalia." Akasema, "Basi nipime, ili wakimaliza kuangalia nisicheleweshe." Nikampima. Kifua, kiuno, urefu. Nikaandika kwenye kitabu kile kile, nikijua ninachojua. Na yeye akaenda Kericho mjini akanunua kitambaa chake, buluu ile ile, mita tatu.

Kisha siasa zikaja. Mwaka ule hata mtoto aliyekuwa bado ananyonya alijua nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Vikaratasi vikaokotwa barabarani asubuhi, vimeandikwa kwamba watu wa kutoka nje wana siku kadhaa tu za kuhama. Mama wa kambini alikuja kwangu amebeba kile kitambaa kimekunjwa vizuri, pamoja na karatasi yenye sanduku la posta la kwao. "Tunaenda kidogo mpaka watu watulie," alisema. "Nguo yangu mnishonee pamoja na zenu. Nikirudi nitaivaa." Nikapokea kwa mikono miwili. Nilisema "Kongoi," ndiyo asante yetu. Yeye ndiye alikuwa anafukuzwa, na mimi ndiye nilikuwa nashukuru.

Walipoondoka, kikundi cha wanawake wa kanisa kilikuwa wapi? Tulikuwa tunachuma chai. Siku hiyo tulichuma kwa bidii ambayo kituo cha kununulia majani hakijawahi kuona. Lori lilipita limejaa magodoro, kuku na watoto. Shamba letu liko kando ya barabara kabisa. Nikamwona juu ya mizigo, na yeye akaniona, akainua mkono. Mimi nikainama nikatafuta majani chini ya kichaka, mahali ambapo chai haioti. Nikakaa nimeinama hivyo mpaka lori likapinda kona. Nilijichukia, na niliendelea kuchuma.

Mkutano uliofuata hakuna aliyemtaja. Mwenyekiti aliona kwamba nguo zetu bila mkanda ni magunia. Kitambaa cha kikundi kilikuwa kimekwisha. Macho yake yakaenda kwenye kona nilikokiweka kile cha mita tatu. "Na hiki?"

"Ni cha mama wa kambini."

"Si ameenda?"

"Alisema atarudi."

"Akirudi tutamnunulia kingine," mwenyekiti akasema, na makasi tayari iko mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilishika upande wa pili wa kitambaa ili kisikunjike wakati anakata. Mikanda ishirini na moja, sawasawa, bila kubaki hata kipande.

Mwenyekiti akakaa kwenye mashine kushona mkanda wa kwanza, wake. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara nne, kinene, naye akazungusha mpini kama anayesaga mahindi. Sindano ikavunjika, paa! Akashtuka, akaushika uzi akauvuta wote nje, kuanzia kwenye sindano mpaka kwenye reli. Ukabaki umelala mapajani mwake. Nilibadilisha sindano, tukatazamana.

Sasa niambie: uzi ule ulikaa pale miezi saba, mbele ya macho ya watu wazima ishirini na mmoja. Tuliushangilia, tuliuombea, tuliubeba kwa mwavuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama unapita wapi.

Tulijaribu siku nne. Mashine ikatapika. Nguo tisa zilikuwa bado hazina mikono, askofu amebakiza wiki tano, na mwenyekiti alikuwa ametangazia akina mama wa kanisa jirani kwamba kwetu hakuna kushona kwa mkono. Tukamwendea fundi wa Sigowet. Hata hakuinua kichwa. Alisema tumletee mashine na nguo zote pamoja, atamalizia yeye, na atawaambia watu nani amezishona. Mwenyekiti akageuka, tukarudi nyumbani.

"Karani," aliniambia, "huyo mama si alikuachia sanduku la posta?"

Ndiyo tukamwandikia. Mwenyekiti alisema maneno, mimi nikaandika. Tulimsalimu kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Tulimsalimu mumewe, watoto, na wote waulizao habari zetu. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako tu huko uliko. Hofu ni kwako! Kalamu yangu ilisimama hapo, mwenyekiti akauliza kama wino umekwisha. Nikaendelea. Mvua imenyesha vizuri, chai iko sawa, kanisa limeezekwa. Mwisho kabisa, kwa mstari mmoja: uzi unapita wapi?

Kama alifika salama, hatukuuliza. Nyumba yake ya kambini iliyovunjwa mlango wiki ile ile, hatukuitaja.

Nilidhani hatajibu. Mimi nisingejibu. Barua ikaja baada ya wiki mbili na nusu, nikaifungua mbele ya kikundi. Karatasi moja ya kitabu cha shule. Amechora mashine, kila kitu mahali pake, na namba kutoka moja mpaka nane. Reli juu kwenye msumari wake. Ndoano ya kushoto. Chini, katikati ya visahani viwili vinavyobana. Kile kiwaya kinachorukaruka. Juu, tundu la mkono unaopanda na kushuka. Chini tena, ndoano mbili. Halafu namba nane, sindano, amepigia mstari: kutoka kulia kwenda kushoto, si kutoka mbele.

Nikafuata kidole kwa kidole. Nikazungusha mpini. Mashine ikashona, mshono mzuri, umenyooka, na harufu ya chapati juu yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akachukua karatasi, akaigeuza huku na huku akitafuta kitu.

"Kwani hakuna salamu?" aliuliza. "Hata kutusalimia ameshindwa? Sisi tumemsalimia nyumba nzima!" Akatikisa kichwa. "Kumbe hakuwa na adabu."

Wengine wakaguna kukubaliana naye. Nikairudisha karatasi mkononi mwangu haraka. Mwenyekiti alisoma kwa shida, na chini ya namba nane kulikuwa na mstari mdogo ambao sikuwa nimewasomea. Uliandikwa hivi: "Nguo yangu mmeshaishona?"

Tukamaliza mikono ya zile nguo tisa, tukashona mikanda, wa mwenyekiti kwanza. Siku ya askofu tulipendeza, siwezi kudanganya. Tulisimama mistari mitatu mbele ya kanisa la mawe, tukaimba, na kila mmoja wetu alikuwa amejifunga kiunoni kipande cha kitambaa cha yule mama. Askofu alisema hajaona yunifomu iliyokamilika namna hiyo, akataja mikanda hasa. Mwenyekiti akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Vipimo vyake bado viko kwenye kitabu: kifua, kiuno, urefu. Karatasi yake iko kwenye sanduku la mashine, ingawa siihitaji tena, uzi naweza kuutia nimefumba macho. Na kazi ya kujibu barua za kikundi ni ya karani. Ile sijaijibu mpaka leo.