Alama Katika Masikio ya Ng'ombe wa Baba

Baba yangu alifika Eldoret akiwa kijana, akiuza chumvi na blanketi kwa vibarua wa mashamba ya wazungu. Mizigo alimbebesha punda, naye akatembea kando yake. Uhuru ulipokuja alikuwa na duka mjini, mmoja wa Waafrika wa kwanza kumiliki duka katika barabara ile, na mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago alimuuzia shamba upande wa Kapseret. Hapo akaanza kufuga. Mimi nilizaliwa mambo yake yakiwa yameshanyooka: malori mawili, ng'ombe wa maziwa wenye madoa mekundu, na watu waliomwita tajiri mbele ya macho yake.

Lakini hatukuwa wenyeji, na kila uchaguzi ulitukumbusha. Kura zikikaribia, Mama alikusanya vyeti vyetu vya shule na picha za harusi yake akaviweka kwenye sanduku dogo la bati. Baba alimwambia anatutia hofu bure. Tegemeo lake lilikuwa jirani yetu, mwenyeji wa rika lake, waliyefahamiana naye tangu siku za punda. Ng'ombe wao waliogeshwa katika josho moja na kupandwa na fahali mmoja.

Ule uchaguzi wa elfu mbili na saba ulinikuta nikifundisha mjini na kuishi mtaa wa West Indies, hapo hapo Eldoret. Nilikuwa nimekwenda shambani kwa Krismasi. Matokeo yalipotangazwa, moshi ulianza kuonekana upande wa mji kabla jua halijazama. Kesho yake wakamuaji hawakuja. Tulikamua wenyewe, Baba, Mama na mimi. Gari la maziwa nalo halikuja, kwa hiyo tukamwaga maziwa kwenye nyasi. Baba alisimama akiyatazama yakiingia ardhini, kisha akaniambia nioshe mikebe vizuri, kana kwamba kesho ingekuwa siku ya kawaida.

Saa sita mchana jirani alikuja mpaka kwenye ua.

"Watakuja leo jioni," alisema. "Nimewakataza, hawanisikii. Vijana wangu wawili wako nao."

Baba aligeuka kutazama zizi. "Na ng'ombe?"

"Nitawachanganya na wangu. Lakini nyinyi mwende sasa hivi, na mwende kwa mguu. Gari litaonekana."

Baba alifungua zizi mwenyewe. Ng'ombe walizoea kumfuata nyuma, kwa hiyo walikataa kumtangulia, ikabidi atembee nao mpaka kwenye boma la jirani. Aliporudi alivaa koti lake zito ingawa jua lilikuwa kali. Mke wa jirani alitupitisha katikati ya mabua ya mahindi, akitangulia na kuwasalimu watu kwa lugha yao ili sisi tusilazimike kufungua mdomo. Nilikuwa nimeshika mkono wa Mama. Tulifika kituo cha polisi, na baadaye tukapelekwa kwenye mahema pamoja na maelfu ya wengine.

Huko tulisikia kwamba duka limeteketea. Lakini kilichomnyima Baba usingizi ni ng'ombe. Kila asubuhi aliniambia nimpigie jirani. Mwanzoni simu iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani kabisa.

"Amezima," alisema Baba.

"Labda imeisha chaji."

"Siku zote hizi?"

Halafu mtu mmoja pale kambini, aliyetufahamu, alikuja kusema kwamba amesikia ng'ombe wa Baba wamekatwa masikio kwa alama ya jirani, wamefanywa wake. Baba alimwambia aondoke mbele yake. Lakini tangu siku hiyo hakuniambia tena nipige simu.

Viongozi walipopatana na barabara zikafunguka, tulikwenda Kapseret kwa pikapu ya mwalimu mwenzangu. Nyumba yetu ilikuwa kuta tu. Jirani alikuwa kwake, amekonda, na wanawe wawili wamesimama nyuma yake wamekunja mikono. Ng'ombe waliletwa. Ilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa na pengo katika sikio la kushoto, alama ya jirani.

"Walikuja kuwatafuta wako," jirani alisema. "Niliwakata wote siku ile ile mlipoondoka, nikapaka kinyesi ili vidonda visionekane vipya. Simu waliichukua. Walisema nawapigia nyinyi."

Yule mwana mkubwa aliingilia. "Sisi ndio tulilala nje tukiwachunga. Tulipowaacha wenzetu, wakatuita wasaliti. Sasa achukue wote aende tu?"

Nilimtazama jirani nikingoja amkemee mwanawe. Hakumkemea. Alitazama chini. Hakuna mtu duniani ambaye angewaona ng'ombe wale akasema ni wetu.

Baba alimshika ng'ombe mmoja sikio, akapapasa lile pengo kwa kidole gumba. "Ndama waliozaliwa hapa ni wenu," aliwaambia vijana. "Hawa wakubwa wabaki na nyinyi mpaka nipate pa kuwaweka. Maziwa tugawane."

Mdogo alikubali kwa kichwa. Mkubwa alitema mate kando, akaenda zake.

Baba hakujenga tena Kapseret. Alinunua nyumba mjini, mtaa wa Pioneer, na baadaye akarudisha ng'ombe shambani chini ya mchungaji. Kila asubuhi alipanda bodaboda kwenda kuwaona, na kila siku alirudi jua likiwa bado juu. Ndama wapya walipozaliwa, aliagiza wakatwe masikio kwa alama ile ile ya jirani. Nilimuuliza kwa nini, nami nilikuwa na hasira.

"Ni salama hivyo," alisema.

"Baba, ni ng'ombe wako."

"Najua ni wangu. Na yeye anajua. Wengine wasijue."

Jirani alipofariki hofu yangu iliongezeka, kwa sababu sasa aliyejua alikuwa mwanawe mkubwa. Kisha Baba naye akaondoka, kitandani kwake, mchana, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kijana yule, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake, alikuja mazishini. Watu walipopungua alinisogelea.

"Mwalimu, pole. Wale ng'ombe, mnataka tufanyeje?"

Nilitafuta uso wake nione kama kuna mtego. Sikuona kitu. Nilimwambia nataka kuwavalisha hereni za plastiki zenye jina letu. Alisema sawa, na siku ya kazi hiyo alikuja, akawashika vichwa mmoja mmoja mpaka mwisho. Hatukuzungumza juu ya mambo ya zamani. Nilitaka, nikaogopa.

Uchaguzi wa juzi ulipokuja sikuwahamisha ng'ombe. Matokeo yalipokuwa yakingojewa nilikaa nyumbani na redio, mkoba wenye nguo uko mlangoni. Yule mwana wa jirani ndiye aliyepiga simu.

"Huku ni kimya," alisema. "Wamekunywa maji, wako sawa."

Nilimshukuru. Mkoba niliuacha pale mlangoni wiki nzima.