Mafuta ya Miti Iliyofungwa

Tuda wa ukoo wa Ait Idder alikuwa na mdomo, hilo silifichi. Wanawake wa Tawrirt, milimani juu ya mji wa Tiznit, walimwachia yeye kila mwaka kazi ya kutangaza: kuanzia leo miti ya argani imefungwa, asiguse mtu mpaka matunda yakauke na kudondoka yenyewe. Ukilipiga tawi kwa fimbo unavunja na machipukizi ya mwaka ujao. Anayevunja mwiko hupika sinia la kuskusi ya ngano, ndiyo faini yake, na kijiji kizima huja kuila huku kikimtazama.

Mwaka jana Tuda alimnasa Mbarka, mjane wa nyumba ya mwisho, na matunda yasiyojaa hata upindo wa nguo. Mbarka akapika. Tuda akatia tonge la kwanza mdomoni mbele za watu, akasema, "Chumvi imepungua." Watu wakacheka. Mbarka hakucheka.

Tena Tuda alikuwa na wageni wake. Watu wa mjini walikuja kupumzisha miili, wakandwe migongo, wale mkate wa moto kwa mafuta ya argani. Naye, mkono kiunoni, aliwaambia, "Sisi hatuumwi ovyo. Tunakula anachotupa mti, nao mti tunauacha upumzike. Mti ukiwa mzima, na sisi wazima." Wageni waliduwaa, wakaondoka na chupa mikononi. Chupa baada ya chupa, maana Tuda alipenda kusifiwa kupita kiasi. Nyumbani kwake walikuwa wanapikia mafuta ya dukani, ya dumu la plastiki.

Sasa mimba ya Ijja, mke wa mwanawe, ikatimiza miezi minane. Tuda akaingia stoo, akatikisa mtungi mmoja, akatikisa wa pili. Mitupu yote! Na kwao mzazi hupewa mafuta ya argani siku arobaini, arudishe nguvu zake. Angeweza kwenda kuomba kwa jirani, lakini Tuda aombe? Tuda yule yule? Aibu hiyo hakuiweza, akaenda kujitafutia kubwa zaidi.

Alfajiri moja alichukua fimbo akaingia kwenye miti iliyofungwa, akapiga mmoja wa mteremkoni. Matunda mabichi yalidondoka pamoja na vijitawi vichanga, na kila kimoja kilichokatika alikisikia. Wakati wa kushuka akateleza, goti likateguka. Aliwaambia watu ameteleza njia ya kisimani. Matunda aliyaanika juu ya paa akayafunika blanketi, na siku ya kupasua kokwa alifungua redio kwa sauti kubwa, jiwe lisisikike.

Mtoto alizaliwa salama. Siku ya saba, siku ya kupewa jina, wanawake walijaa ukumbini. Ijja akachovya mkate, akasita.

"Mama, haya mafuta mbona machungu?"

"Ni mdomo wa mzazi huo, mwanangu. Kula upate maziwa."

Mbarka, aliyekaa karibu yao, akachovya naye. Hakuna mwanamke wa Tawrirt asiyeijua ladha ya tunda bichi. Alitafuna taratibu, akaliangalia goti la Tuda lililofungwa kitambaa, kisha akamtazama Tuda usoni. Tuda alitamani ardhi ipasuke.

"Mafuta mazuri," Mbarka akasema. "Ila mimi nilikuwa nimemwekea Ijja haya kidogo, ya mwaka jana. Kwa mzazi mafuta hayazidi." Akatoa kichupa chini ya shali, akakisukuma karibu na mkono wa Ijja, wala hakugeuka tena.

Ee Mungu wangu! Heri angemtukana. Mjane asiye na kitu alikuwa na mafuta kwa sababu alijua kujibana, na yeye mwenye mitungi mikubwa alikuwa mtupu. Ijja alipata nguvu kwa kile kichupa. Tuda usingizi ukamhama. Wageni walipokuja alianza, "Sisi hatuumwi," akaishia hapo, akabaki anasugua goti lake.

Siku ya kufungua miti, wanawake walikusanyika na vikapu, wakisubiri atangaze. Tuda alitokea akichechemea, amekumbatia sinia kubwa la kuskusi.

"Makubwa! Nani tena kakosa?" mmoja akauliza.

"Mimi."

"Acha utani wako, Tuda."

"Mti wa mteremkoni, nimeupiga kwa fimbo matunda yangali mabichi. Nendeni mkautazame, mwakani hautazaa. Mbarka alijua siku ya jina la mtoto, akanisitiri. Mimi mwaka jana sikumsitiri, nilimcheka." Akaweka sinia chini, akakaa, macho kwenye vumbi.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Tuda alihesabu miguu iliyomzunguka, na hakuna mguu uliosogea. Halafu ndala za Mbarka zikaja mpaka kwenye sinia. Mbarka akachuchumaa, akafinyanga tonge, akalitafuna bila haraka hata kidogo, wote wakimsubiri.

"Chumvi imepungua," akasema.

Mmoja akapaliwa kwa kicheko, kisha wote wakaangua, na mikono ikaingia siniani. Tuda alijifuta uso kwa ncha ya shali. Akanyanyuka na goti lake bovu, akaenda kuleta chumvi.